Mzee Aliyembeba Mkewe kwa Mbeleko

Asubuhi tuliyoondoka kule juu, baba hakujua tunakwenda wapi. Mimi nilijua kwamba hajui, kwa sababu alifungua mzigo na kuufunga tena bila kuongeza wala kutoa kitu. Ukungu ulikuwa umelala hadi kizingitini. Mama alisimama uani, amejitanda kanga mbili kwa baridi, kichwani beseni lenye sufuria na sahani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Sasa, Mwalimu, tunaelekea wapi?" Baba akasema tunashuka. Mama akasema kutoka hapa kila mahali ni kushuka. Ndivyo safari yetu ilivyoanza.

Nimeikumbuka juzi, niliposhuka kwenye lori pale Mpepai. Sikuwa na shughuli Mpepai. Nilisikia abiria wawili wakibishana kuhusu mlima fulani, nikataka kuuona. Ndivyo nilivyo. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kujua kuna nini nyuma ya kilima kinachofuata. Nimechuma kahawa, nimeuza samaki wakavu, nimepika kwenye mgodi wa makaa. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikila hindi la kuchoma, upepo ukaleta harufu ya majani yanayooza chini ya udongo mbichi, tamu na chachu kidogo, kama togwa iliyokaa siku ya pili. Nikaacha kutafuna. Baba ameshatutoka, mama naye, lakini harufu ile ilinirudishia asubuhi nzima.

Baba alikuwa mwalimu wa kanisa, yule ambaye wengine humwita katekista. Sisi ni watu wa mwambao wa ziwa, Waanglikana tangu enzi za babu zetu, na kule ziwani mwalimu wa kanisa ni mtu mwenye kishindo. Jumapili ngoma inalia, akina mama wanaimba mpaka vumbi linapanda, wanaochelewa wanasimama nje madirishani. Kaka yake baba, baba yangu mkubwa, alikuwa na kanisa la namna hiyo. Baba akapewa vilima. Familia chache za watu wetu zilipanda huko juu, kijijini Mapera, kulima kahawa, zikaomba mtu wa kusali nazo. Tulipofika, wengine walikwisha kukimbia baridi na kurudi ziwani, na wengine walikwisha kuzoea kusali na majirani zao Wamatengo, ambao ni Wakatoliki na kengele yao ilisikika mpaka jikoni kwetu. Tukapewa ghala la kahawa la zamani liwe kanisa. Hata baada ya mama kulifagia na kulimwagia maji, mtu ukipiga magoti ulipata vumbi la maganda ya kahawa puani, na sala nyingi za baba zilikatishwa na chafya.

Siku ile ya kwanza sikuwa nimewahi kuona mlima uliolimwa. Ziwani tunalima mihogo kwenye tambarare ya mchanga. Hapa mlima mzima, toka chini hadi kileleni, ulikuwa umejaa mashimo yaliyopangwa kwa safu, kila moja linamtosha mtu mdogo kujikunja akalala, kingo zake zimeinuliwa kwa udongo mbichi. Nilimvuta mama kanga nikamuuliza watu wa huku wameuawa na nini. Hakuelewa. Nikamwonyesha makaburi. Mama alicheka mpaka akakaa chini na beseni lake. Baba hakucheka. Alichuchumaa akaniambia, "Si makaburi, mwanangu. Hapo wanalaza maharage." Maneno hayo hayakunisaidia. Nilibaki nikiamini kwamba maharage ni aina fulani ya wafu, na yalipochipua wiki zilizofuata, nilikimbia kumwita baba aje aone wamefufuka. Alikuja. Alisimama nami akayatazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kama mtu aliyeambiwa habari mpya.

Baadaye nilielewa kilimo chenyewe. Wamatengo hufyeka majani, wakayalaza mteremkoni kwa mistari inayokatana kama dirisha la nondo. Yakikauka, wanachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafunika. Panapochimbwa panabaki shimo, na panapofunikwa ndipo penye mbegu. Maji ya mvua yanatua shimoni na udongo haushuki bondeni. Wenyewe wanaita ngolo. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya wanaume. Kuyafunika ni kazi ya wanawake. Wakati ule hakuna mwanamume wa rika la baba ambaye angeonekana na jembe la kufunikia, kama vile hakuna ambaye angeonekana amevaa gauni.

Jumapili tulikuwa watatu, na muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa huko kutoka Dodoma, ambaye alikuja akiwa hana zamu. Baba alihubiri vilevile kama anayehubiria mamia. Jirani yetu wa chini, Mzee Ndunguru, mtu mwenye mdomo mchachu kama ndimu, alipita mbele ya ghala kila Jumapili akitoka misa, akachungulia na kuuliza kama leo Waanglikana wanatosha kucheza bao.

"Tunatosha, Mzee," baba alimjibu, "na anabaki wa kuamua ugomvi."

Mzee alienda zake akitikisa mabega. Mimi sikuona kichekesho. Nilijua kwamba kanisa la baba mkubwa linajaa, nilijua kwamba letu halijai, na nilidhani Mungu naye hukaa mlangoni akihesabu vichwa vinavyoingia.

Mwaka uliofuata, mke wa Mzee Ndunguru, Mama Otilia, aliugua miguu akapelekwa hospitali ya misheni na kukaa huko. Binti zao walikuwa wameolewa mbali. Majani ya mzee yalikuwa yamelazwa na kukauka mlimani, na mvua zilikuwa zimeshika. Majani yakinyeshewa bila kufunikwa, kazi yote inateremka na maji. Wanawake wa jirani waliahidi kuja wakimaliza miteremko yao, lakini kila mmoja alikuwa na mteremko mrefu. Baba alikwenda kumpa mzee pole. Akamkuta amekaa ukingoni mwa shamba, jembe la mkewe limelala kando yake. Baba, mtu wa ziwa, akadhani mzee amechoka. Akavua viatu, akachukua jembe, akaanza kufunika.

Kwanza kilisikika kigelegele kimoja kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha kingine. Kisha bonde zima lilikuwa linapiga vigelegele, na mwanamke mmoja mwenye sauti kali akampa baba jina, Mama Mwalimu, jina lililotufuata mpaka tulipoondoka. Mzee Ndunguru aliinuka akitetemeka. Alimwambia baba atoke humo, amemvua nguo mbele ya mlima mzima, watu watasema majani ya Ndunguru yamefunikwa na mwanamume. Baba alisimama shimoni, matope magotini, akauliza amekosa nini. Akaelezwa. Akaomba radhi, kwa niaba yake na ya watu wote wa ziwani wasiojua. Halafu akauliza, "Sasa Mzee, nani atafunika?"

Mzee akatazama mteremko wake.

"Basi mimi si mtu wa huku," baba akasema, "na jina langu limeshaharibika. Niache nimalize."

Alikwenda kila asubuhi mpaka mteremko ukaisha. Mama alijaribu kumsaidia siku ya kwanza, akisema yeye angalau ni mwanamke na hawatakuwa na la kusema, lakini miguu yake ilizoea tambarare. Aliteleza akabiringika mashimo matatu, na waliokuwa na la kusema waliongezewa. Shuleni watoto waliniuliza kama nyumbani kwetu mama ndiye anayenyoa ndevu. Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu. Nilijua Jumapili mzee atakuja kanisani kwetu, na akija mzee watakuja wengine, na ghala litajaa hadi madirishani.

Jumapili ilifika. Mzee Ndunguru akaenda misa kama kawaida. Aliporudi alipita mbele ya ghala na, kwa mara ya kwanza, hakuchungulia wala hakuuliza kuhusu bao. Hilo ndilo badiliko pekee nililoliona. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na Mungu. Mimi ni mtoto wa wavuvi; nilijua mtu akitupa wavu huvuta, na akivuta hutazama amepata nini.

Mwaka mwingine ukapita. Muuguzi akahamishwa. Padri wetu alipanda kutoka ziwani, akasali nasi, akasimama mlangoni akitazama mabenchi. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili akamweleza kwamba kanisa haliwezi kuweka mwalimu mahali pasipo na watu, kwamba ghala lirudishwe kwa wenyewe, na kwamba baba ashuke akiwa tayari, wataona la kufanya. Jioni ile mama alikuwa akichambua maharage, nami nimelala mapajani mwake nikijifanya nimesinzia. Baba alimwambia kwamba kaka yake ameshatuma salamu kuwa wavu upo na mtu wa kuushika anatakiwa. Akasema akifika chini atarudisha kazi ya Mungu kwa wenye kuiweza. Alisema bila uchungu, na ndiyo maana niliogopa. Mama aliendelea kuchambua. Akasema tu kwamba samaki watamkimbia kwa chafya.

Basi asubuhi ile tukatoka bila mahali pa kwenda. Baba hakutaka kufikia kwa kaka yake, na kwa padri hakuwa tayari. Tulishika njia inayopita ubavuni mwa mlima. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimwona mama kwa beseni lake tu. Ndipo nikaona kiumbe kinatujia.

Kilikuwa kirefu, kipana, na kilikuwa na vichwa viwili, kimoja juu ya kingine. Kilipumua kwa nguvu. Baba alikuwa amewahi kutusomea kanisani habari za viumbe wa mbinguni wenye nyuso nyingi, nami nilikuwa nimeuliza watakuja lini. Sikukimbia. Nilisimama katikati ya njia nikifikiri kwamba hatimaye mtu ametumwa kuja kumwambia baba neno.

Ukungu ukapasuka kidogo. Alikuwa Mzee Ndunguru. Mgongoni alimbeba Mama Otilia, amemfunga kwa mbeleko, kanga ya maua imekazwa kifuani kwa fundo kama la mama yeyote anayekwenda kisimani na mtoto. Mkononi alishika jembe la kufunikia.

Tukawapa shikamoo. "Marahaba, marahaba," Mama Otilia akaitikia kutoka juu. "Mnisamehe sishuki kuwapa mkono. Nikishuka, punda huyu atajilaza."

Mzee akasema punda anasikia. Akatueleza kwamba wanakwenda kufunika majani, mwenzake ataelekeza na yeye atachimba, maana mtu asiyeweza kusimama mdomo wake hauna kazi nyingine. Mama Otilia akampiga kidogo begani. Nilimwangalia baba. Alikuwa amevua kofia, sijui lini.

"Nasikia wamekufungia," mzee akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Sikuja kwako hata Jumapili moja."

"Najua."

"Na nisingekuja. Nilibatizwa pale chini, nitazikwa pale chini." Alitua kuvuta pumzi, akamsogeza mkewe juu kidogo kama anavyosogezwa mtoto. "Huyu aliporudi kutoka hospitali, nilikaa mlangoni tangu asubuhi nikisubiri mwanamke yeyote apite ampe maji. Jua likafika utosini. Yeye ndani anaita, mimi nje nangoja mwanamke. Nikakukumbuka umesimama shimoni na matope yako, unaniuliza nani atafunika. Nikainuka."

Wakatupita, wakaingia shambani. Alimkalisha mkewe juu ya gunia, akamzungushia blanketi, akampa fimbo, akaingia shimoni. Jua lilikuwa linapanda, ukungu ukawa unavuka mabonde kama kundi la ng'ombe weupe, na mlima ukafunguka wote mbele yetu, shimo kwa shimo, kila moja limeshika kivuli chake upande mmoja na mwanga upande wa pili. Katikati ya ukubwa ule wote alikuwapo mzee mmoja aliyeinama, na bibi mmoja akinyoosha fimbo. Sauti yake ilitufikia wazi kabisa: "Hapo umeacha wazi. Rudi. Rudi, bwana, majani yanachungulia." Naye akarudi. Ng'ambo ya bonde kigelegele kikalia, na Mzee Ndunguru, mtu yule ambaye neno la watu lilikuwa limemtetemesha mwili mzima, aliinua jembe juu akawasalimia.

Nimeona mengi tangu siku ile. Nimekaa kwenye viti vya plastiki katika mikutano ya injili ambayo mwisho wa umati hauonekani, nimesikia spika zinazotikisa mabati, nimewaona watu wakilia na wakipona, na mimi mwenyewe nimelia. Sisemi kwamba Mungu hayupo penye watu wengi. Lakini nikiulizwa ni lini niliogopa kwa ile hofu njema ambayo mtu hataki iishe, nasema ni pale ubavuni mwa mlima, mtoto mwenye kamasi, nikimwona mzee anarudi kufunika majani aliyoyaacha wazi kwa sababu mkewe amemwambia. Nilihisi kwamba kuna mtu mwingine amesimama pale pamoja nasi, na kwamba alikuwapo mlimani siku zote, akishughulika na jambo ambalo sisi hatukuwa hata tumeliuliza.

"Mwalimu, umeona?" mama akasema.

"Nimeona." Baba alivaa kofia yake. "Lakini hao si wangu."

"Nani alikuambia wawe wa kwako?"

Baba alitembea mbele, na kwa jinsi alivyotembea niliona kwamba ameubeba mzigo mwingine juu ya ule wa mgongoni.

Mchana tukapata lori la mbao, likatupeleka kipande kizuri. Utingo, kijana mwenye meno yaliyopishana, alimkazia macho baba akamuuliza kama si yeye yule mwalimu wa ghalani, aliyefunika majani. Baba akasema, "Nilikuwa." Mama aligeuza uso akatazama miti. Utingo akasema mama yake mpaka leo anasimulia habari ile, na tangu hapo akiugua anawaambia watoto wake wa kiume wapike. Alisimulia kama jambo la kuchekesha, naye akacheka. Baba alitazama mikono yake. Lori likatushusha njia panda, tukaendelea kwa miguu kushuka, hewa ikizidi kuwa nzito na ya joto, mpaka mama akavua kanga moja, halafu tukalisikia ziwa kabla ya kuliona.

Tulitokea kijiji cha Kihagara, ambako hatukuwa tumewahi kufika. Ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa upande wa Malawi, nyuma ya ukuta wa mvua mweusi uliokuwa ukija juu ya maji. Huku mwambaoni bado palikuwa peupe. Juu ya miamba ya nyumba ya kwanza tuliyoifikia palikuwa na muhogo umeanikwa, mweupe kama chaki, mwamba baada ya mwamba, chakula cha nyumba kwa miezi. Mama mmoja wa makamo alikuwa anakimbia na ungo, na bibi kizee aliyejikunja alikuwa anaokota kipande kimoja kimoja. Mvua ilikuwa imeshaficha mitumbwi.

Baba hakupiga hodi. Alitupa mzigo chini akapanda miambani, akavua shati akalifanya kapu. Mama akamimina sufuria na sahani zetu mchangani akaleta beseni. Nami nikajaza sketi. Hatukuambiana neno, tulipishana tu mlangoni tukiingia na kutoka, tukimwaga jikoni penye giza na harufu ya moshi na samaki, tukirudi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama maharage. Baba aliingia wa mwisho, amekumbatia shati, na mvua ikaanguka nyuma yake kama mlango. Alimwaga muhogo juu ya lundo, akashika kiuno, akafumba macho, midomo ikamchezacheza.

Yule mama wa nyumba alikuwa ameegemea ukuta akitweta. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza sisi ni akina nani.

"Wapita njia, mama," baba akasema.

"Wapita njia hupita. Ninyi mmeingia mpaka jikoni." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nimekuona unashukuru hapo. Wewe ni mtu wa kanisa?"

Mama yangu alikuwa anakamua nguo yake. Akaacha kukamua. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kidevuni mwa baba, na juu ya bati mvua ilikuwa kubwa hivi kwamba nilisogea karibu ili nisikose.

"Ndiyo," baba akasema. "Mimi ni mwalimu."

"Wa kanisa gani?"

Baba alikung'uta shati lake.

"Sijalijua bado," akasema.

Yule mama akatikisa kichwa kana kwamba jibu hilo linatosha, akamwambia bibi kizee asogee na mkeka wake, akatuonyesha chumba cha nyavu, kikavu, na mahali pa kulala.